Jina na Kauli: Somo la Sauti kutoka Masasi na Newala

Miaka kumi na kitu iliyopita niliketi barazani kwa bibi mmoja wa Kimakua mjini Masasi, chini ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji ule, nikimsomea tafsiri yangu ya wimbo wake. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke aliyeachwa na mumewe: mume alishuka pwani kutafuta kazi, asirudi. Nilikuwa nimeupanga kwa mistari minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa, na moyoni nikijiona nimeutendea haki. Tafsiri hiyo ilikuwa imekwisha kutoka katika kijitabu, na nakala zake zingalipo mikononi mwa watu. Bibi alinisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akasema: "Mwanangu, umeandika majina. Mimi sikutaja majina. Mimi nilisema."

Sikumfahamu. Nikamwomba anionyeshe pahala palipoharibika. Akalitamka mara mbili neno la Kimakua lenye maana ya nyasi, na kwa sikio langu la kisiwani neno lilikuwa moja, limerudiwa. Mjukuu wake, aliyeketi kando yetu, akacheka, akanifafanulia: mara ya kwanza bibi amesema "nyasi", mara ya pili amesema "ni nyasi". Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali sauti inapopanda.

Nami nilikuwa nimeandika hivi:

*Nyasi zimetanda nyasi, shambani kwake mpenzi.*

Ukiuhesabu, mstari ni mzima, nane kwa nane. Lakini katika wimbo mwanamke anaulizwa na majirani: shamba la mumeo lina nini mwaka huu? Anajibu: ni nyasi. Hilo ni jibu, na ni shitaka. Mimi niligeuza shitaka kuwa mandhari, kisha nikaongeza "mpenzi", neno ambalo bibi hakulisema popote, kwa sababu nilitaka kina cha "nzi".

Makala hii ni malipo ya deni la mstari huo. Mimi si mwanaisimu. Elimu yangu ya lugha nimeiokota vitabuni na mabarazani, na mwenye darasa zaidi anisahihishe. Ila nathubutu kusema hivi: sauti ya neno si vazi lake tu. Mara nyingi ndiyo inayotangaza kazi ya neno, yaani kama ni jina, ni tendo, au ni kauli kamili. Watu wa Masasi na Newala huisikia kazi hiyo katika kupanda na kushuka kwa sauti. Sisi watunzi wa Kiswahili tumepoteza kupanda na kushuka huko, lakini kazi yenyewe hatukuipoteza. Imehamia mwisho wa neno, pale pale tunapotia vina.

Tuanze na Kimakua. Nomino ya Kimakua huwa na toni zake, na toni ya juu ya kwanza ndiyo ufunguo. Ukiishusha hiyo, nomino huacha kuwa jina na huwa sentensi: "mtu" huwa "ni mtu", "mahindi" huwa "ni mahindi". Kiswahili hulazimika kuleta kineno "ni" kuifanya kazi hiyo. Kimakua huitenda kwa kuinyima silabi moja kimo chake. Tena si hapo tu. Ziko namna za kitenzi ambazo nomino inayozifuata hupata anguko hilo hilo, kana kwamba lugha inamnyoshea msikilizaji kidole na kumwambia: hiki ndicho ninachokuambia, si kingine. Susan Stucky, katika kitabu chake cha 1985 juu ya mpangilio wa maneno katika Kimakua, alilishughulikia jambo hili, na waliomfuata wameliona katika lahaja za pande zote mbili za Ruvuma.

Kutoka Masasi njia hupanda mashariki hadi Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo mtu husimama akalitazama bonde la Ruvuma chini yake. Huko juu sikio hukutana na mpango wa namna nyingine. Katika Kimakonde nomino huwa na toni yake iliyozaliwa nayo. Ziko nomino zinazopanda, zinazoshuka, zinazotulia chini, na mtoto huzipokea pamoja na maana, neno kwa neno. Kitenzi hakina urithi huo. Mzizi wa *kulima* hauna toni ya kuutofautisha na mizizi mingine. Toni huletewa na kazi ambayo kitenzi kimeshikishwa: wakati gani, kinakiri au kinakanusha, kinaarifu au kinaamrisha. Kwa ufupi, nomino ya Kimakonde huzaliwa na wimbo wake, na kitenzi huazima wimbo kutoka kwa wakati. Vitenzi vya Kimakua navyo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Si jambo dogo hilo kwa mshairi. Msikilizaji wa Newala hahitaji kungoja mwisho wa sentensi ajue kama kitendo kimekwisha au kinangojewa. Huambiwa na mwendo wa sauti. Mfasiri anayeandika herufi tupu huwa amebeba maneno yote na kuacha wakati nyuma.

Kimakonde kina na jambo la pili. Kifungu cha maneno kinapokwisha, silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa. Mvuto huo hufanya kazi inayofanywa na alama zetu za mkato. Kitenzi kikishikana na nomino inayokifuata, viwili hivyo huwa kifungu kimoja, na mvuto huangukia nomino peke yake. Kitenzi kikijitenga, hupata mvuto wake. Vivyo hivyo viko vivumishi vinavyoshikana na nomino yake na vingine vinavyoweza kukaa mbali kidogo. Basi msikilizaji hujua kwa urefu wa sauti nani ameshikana na nani. Sisi tunaokata mistari katikati kwa ukwapi na utao tungefaa kujiuliza kama mkato wetu nao unatenga vilivyotengana, au unapasua vilivyoshikana.

Wala haya si mambo ya mbali na kisiwa hiki. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Mwaka 1876 Steere huyo huyo aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kwenda bara ya kusini. Walikuwa wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, lakini kituo chao kikawa Masasi. Mwaka ule ule mkusanyo wake mdogo wa maneno na sarufi ya Kimakonde ulipigwa chapa hapa hapa Unguja. Mwaka 1879 Chauncy Maples, mmisionari wa Masasi, akatoa mkusanyo wa Kimakua; na baada ya Masasi kuvamiwa mwaka 1882, misheni ilihamia Newala. Watu hao walisikia vizuri na walifanya kazi kubwa, lakini waliandika konsonanti na irabu, na toni ikabaki hewani. Mwaka 1906 Karl Weule alifika Masasi na Newala na mashine ya kunasia sauti, akazinasa nyimbo katika mitungi ya nta. Mashine ilichukua kile ambacho kalamu iliacha, ila bila ya mtu wa kuichambua, sauti iliyonaswa hubaki sauti tu.

Naye Lyndon Harries, aliyetoa muhtasari wa sarufi ya Kimawia mwaka 1940 na sarufi ya Kimwera mwaka 1950, ndiye yule ambaye wapenzi wa tenzi wanamjua kwa kitabu chake kikubwa juu ya ushairi wa Kiswahili, kilichotoka Oxford mwaka 1962. Mtu mmoja alipita kusini, kisha akaja kwetu. Toni za Kimakonde zilingoja zaidi: David Odden alizichambua mwaka 1990, na Peter Kraal akatoa sarufi nzima ya lahaja ya Chinnima mwaka 2005. Katikati yao, mwaka 2003, Sophie Manus alitetea huko Paris tasnifu juu ya Kimakonde kisemwacho na jamaa waliotoka Msumbiji na kuishi Unguja na Tanga. Yaani lugha hii ilikuwa mitaani mwetu, na alitoka mtu Ufaransa kuja kuisikiliza. Mimi niliyezaliwa kisiwani nilikwenda hadi Masasi kujifunza nilichoweza kukisikia nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sasa turejee kwetu. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake umekaa silabi ya pili kutoka mwisho, na haujali kama neno ni jina au tendo. Lakini zitazameni zile tofauti chache. Neno *barabara*, mkazo ukikaa mahali pake pa kawaida, ni njia ya kupita watu na magari. Mkazo ukirudi nyuma kwa silabi moja, ni kielezi: sawasawa, kama itakiwavyo. *Walakini* nayo hivyo hivyo: mkazo wa kawaida hufanya nomino, yaani kasoro, mkazo ukirudi nyuma, hufanya kiunganishi. Katika jozi zote mbili nomino ndiyo iliyotii kanuni, na neno lisilo nomino ndilo lililoivunja. Tanakali za sauti nazo huvunja kanuni kwa namna yao: *pe* ya nyeupe, *ti* ya nyeusi ni silabi moja moja, hazina kiambishi wala ngeli, na kila msikilizaji hujua papo hapo kwamba hizo si jina wala tendo.

Hizo ni pembe za nyumba. Ukumbi wenyewe ni irabu za mwisho. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huisha kwa "a": *umba, shinda, piga, penda*. Vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu ndivyo vilivyoleta miisho mingine: *samehe, safiri, haribu*. Nomino zinazozaliwa na vitenzi hugawana irabu zilizobaki kwa mpango ambao mtunzi hana budi kuujua kama fundi ajuavyo mbao zake. Irabu "i" aghalabu humleta mtenda: *mshindi, mlinzi, mwimbaji*. Irabu "o" huleta tendo lenyewe, matokeo yake au chombo chake: *pigo, wimbo, umbo, ufunguo*. Irabu "u" huleta hali iliyomkaa mtu: *mpotevu, mtulivu*. Na irabu "e" humleta aliyetendwa: *kiumbe* aliyeumbwa, *mteule* aliyeteuliwa, *mtume* aliyetumwa. Tazama *mshindi* na *mshinde*. Aliyeshinda na aliyeshindwa wametenganishwa na irabu moja, nayo imekaa pale kinapokaa kina.

Basi utenzi wenye bahari ya "o" ni utenzi wa mambo yaliyokwisha kutendeka, na wenye bahari ya "a" hukaribisha vitenzi viukimbize. Sisemi kwamba ni sheria, maana nomino nyingi hazikutokana na vitenzi na huisha zitakavyo. Nasema ni mteremko: maji ya shairi hupenda kwenda huko, na mtunzi mzuri hujua lini ayafuate na lini ayazuie.

Jambo linalonistaajabisha zaidi liko katika "i" mbili. Iko "i" ya mtenda, na iko "i" ya kukanusha wakati uliopo: *hapendi, halindi, hapiki*. Kwa herufi ni moja. Lakini isikilize konsonanti iliyotangulia. Mbele ya "i" ya mtenda, mzizi huyeyuka: *penda* humzaa *mpenzi*, *linda* humzaa *mlinzi*, *pika* humzaa *mpishi*, *iba* humzaa *mwizi*. Mbele ya "i" ya kukanusha mzizi haubanduki: *hapendi*, si "hapenzi", *hapiki*, si "hapishi", *haibi*, si "haizi". Kiswahili kilichopoteza toni kimehifadhi njia nyingine ya kumwambia msikilizaji: hapa pana mtu, na hapa pana tendo lililokataliwa. Bibi wa Masasi angekifahamu hicho mara moja, kwani ndicho alichonifundisha yeye: mambo mawili huweza kukaa katika umbo moja, sikio likayatenganisha.

Ndiyo maana kina cha "ji" kina nguvu yake. Hapo mtenda huja kwa mwisho wa "-aji", konsonanti haiyeyuki, na mtu na ukanushaji hukutana kwa sauti moja kamili. Nimetunga mistari miwili kwa ajili ya mfano:

*Ameaga mchungaji, na nyumbani bado haji;*
*Twauliza wapitaji, jina lake hawataji.*

Si shairi kubwa. Lakini msomaji atazame vina vinne: mtenda, ukanushaji, mtenda, ukanushaji. Kila anayetajwa kwa kazi yake hukutana na kazi isiyofanyika. Mchungaji haji, wapitaji hawataji. Huzuni ya mistari hiyo haikuletwa na neno lolote la huzuni. Imeletwa na sauti moja inayobeba sarufi mbili zinazopingana. Ningeweka "maji" na "mji" mahali pa "haji" na "hawataji", vina vingelingana vile vile, na mistari ingekufa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za mjadala wetu mkongwe. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 akiziacha sheria hizo, tumejadiliana kama vina ni uti wa mgongo au ni pingu. Wanaovitetea wengi wetu tunavihesabu kama shanga: zikilingana rangi, kazi imekwisha. Wanaovikataa huvikataa kwa kuwa nao huviona ni shanga. Swali ambalo ni nadra kuliuliza ni hili: maneno yaliyokutanishwa na kina yana kazi gani katika sentensi, na kukutana kwao kumesema nini? Shairi la arudhi lisilo na jibu la swali hilo ni tupu, hata likitimia mizani zote. Na mtunzi wa mashairi huru asidhani ameepuka, kwa kuwa mstari wake nao huishia kwenye irabu, na irabu ile inasema kitu.

Wenzangu waliosoma rasimu ya makala hii walinipinga kwa hoja nzito. Walisema msikilizaji wa shairi hafikirii nomino na vitenzi. Husikia utamu, basi. Na nyimbo za ngoma, walisema, huifinyanga toni ili kuifuata ngoma. Nakubali sehemu. Msikilizaji hafikirii sarufi, kama vile anayetembea hafikirii mifupa. Lakini mvunje mfupa mmoja uone kama hatajua. Bibi yule hakujua neno "nomino" wala "toni", na kosa langu alilisikia papo hapo. Kuhusu ngoma, ni kweli kwamba uimbaji unaweza kuilegeza toni, na ndiyo maana mfasiri hapaswi kuridhika na wimbo uliokwisha kuimbwa. Amwombe mwimbaji ayaseme maneno kwanza, polepole, bila ya ngoma, kisha aulize kila mahali penye shaka: hili ni jina, au ni kauli?

Kwa wanaokusanya nyimbo za kusini, na wapo vijana wanaozikusanya kwa simu zao, nina ombi moja. Msitupe sauti baada ya kuandika maneno. Maneno ya Kimakua na Kimakonde yaliyoandikwa bila ya toni ni kama hati ya Kiarabu isiyo na irabu mbele ya mtu asiyejua lugha: mwenyeji atasoma, mgeni atabahatisha. Nami nilibahatisha, nikapiga chapa.

Mwaka uliofuata nilirudi Masasi na mstari mpya. Nilikuwa nimejaribu kuiingiza "ni" ndani ya mizani nane, na kila mara ilinitaka niongeze neno ambalo bibi hakulisema. Mwishowe niliacha kuhesabu, nikaandika:

*Wauliza shamba lake. Ni nyasi.*

Nane, halafu tatu. Mstari wenye pengo la silabi tano ambazo sikuzijaza, kwa kuwa mwanamke yule naye hakuwa na la kuongeza. Nikamsomea bibi. Akanirudisha nisome tena. Kisha akasema: "Sasa umesema." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini kile cha kwanza kilichezeka vizuri zaidi."

Alikuwa na haki katika yote mawili. Walio na kijitabu changu waufute mstari wa zamani na kuandika huu mahali pake.